Nia Binafsi ya Verna Hrabovsky

Mpira wa kwanza ulimkuta Verna Hrabovsky anamenya viazi. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Novemba. Redio ilikuwa juu ya friji, vitunguu vilikuwa motoni, na mtangazaji alikuwa anasema kijana wa chuo cha Mtakatifu Blasi ameruka, ametupa, imeingia. Halafu mtangazaji akanyamaza. Mpira ukatokea kwenye dari, karibu na taa, ukaanguka ndani ya beseni la viazi na kumrushia Verna maji mpaka kwenye miwani.

Verna akafuta miwani kwa aproni. Dari haikuwa na tundu wala ufa. Aliuokota mpira, akaukausha kwa kitambaa cha vyombo, akautazama muhuri wa chuo, mishumaa miwili iliyopishana, kisha akaupeleka chumbani kwa mwanawe, Cyril, na kuuweka kitandani. Aliporudi jikoni wa pili ulikuwa umeshaanguka na unadundadunda kuelekea mlango wa nyuma.

"Haya," akasema. "Kumbe nimesikilizwa."

Akapunguza moto wa vitunguu, akaendelea kumenya.

Lazima isemwe mambo haya yalianzaje, maana hapo Kessler Gap kuna watu wanaosema ni uchawi, na Verna hajawahi kugusa uchawi maishani mwake. Alichofanya ni kuomba Misa.

Chuo cha Mtakatifu Blasi ni kidogo. Kiko juu ya kilima, makaa ya mawe chini yake yalikwisha kabla Verna hajaolewa, na kama si mpira wa kikapu, hakuna mtu nje ya Pennsylvania ambaye angejua kuwa kipo. Mapadre wa zamani walikuwa watu wa akili. Waliona kwamba mpira ule wa Kimarekani wa kofia ngumu unataka vijana mia na uwanja kama shamba, lakini kikapu kinataka vijana watano warefu, mpira mmoja na paa lisilovuja. Wakawekeza kwenye paa. Mungu akawabariki, au kocha Ray Durkin akawabariki, maana watu wa pale hawatofautishi sana. Kila mwezi wa Machi vyuo vikubwa vya serikali, vyenye wanafunzi wengi kuliko watu wa wilaya nzima, vilikuja kuaibishwa na Mishumaa, ndivyo timu inavyoitwa, na televisheni ilionyesha padre mzee amekaa kwenye benchi la timu akivuta rozari. Nchi nzima iliipenda sana hiyo picha ya padre.

Cyril, mtoto wa pekee wa Verna, alikuwa mmoja wa hao watano. Alikufa Oktoba ya mwaka uliotangulia, mazoezini, kwenye mstari wa mwisho wa uwanja. Siku hiyo Durkin aliwakimbiza kwa sababu mmoja wao alichelewa sala ya asubuhi. Nenda, rudi, gusa mstari, nenda, rudi. Cyril akamwambia, "Kocha, kifua kinaniuma." Na Durkin akamjibu vile ambavyo kila bibi na kila sista wa mji ule humjibu mtoto anayelia jino.

"Mtolee Bwana maumivu hayo, mwanangu. Kimbia."

Akakimbia. Hakumaliza.

Haya Verna aliyapata siku ya mkesha wa maiti, karibu na birika la kahawa, kutoka kwa mchezaji mwenzake Cyril, kijana mrefu wa Baltimore. Wiki iliyofuata chuo kilipomwita kijana huyo kumuuliza, alisema siku ile hakusikia vizuri. Chuo kikatangaza kwamba Cyril alianguka ghafla, bila dalili, akifanya kitu alichokipenda. Wakatengeneza kibao cha shaba, wakakipigilia mlangoni mwa ukumbi wa michezo: CYRIL HRABOVSKY. HAKULALAMIKA KAMWE. Mwaka huo Mishumaa walicheza kwa ajili yake, wakafika mbali kuliko wakati wowote, na wageni walipiga picha kando ya kibao.

Hakulalamika! Cyril alikuwa mlalamishi wa kupindukia. Alilalamika kuhusu kabichi, kuhusu viatu, kuhusu baridi, kuhusu busu za shangazi yake. Tumboni kwenyewe alikuwa anapiga mateke akilazwa upande asioutaka. Kumwambia Verna kwamba Cyril hakulalamika ni kumwambia kwamba amezika mtoto wa mtu mwingine.

Alimfuata Durkin kwenye maegesho ya magari amuulize. Durkin akamkumbatia. Akamfuata tena, akakumbatiwa tena. Mara ya tatu hakwenda, maana alikuwa amechoka kukumbatiwa.

Sasa, pale chuoni wana desturi. Kila siku ya mechi hutangulia Misa kanisani, na timu nzima huwepo, na kocha, na rais wa chuo, na mashabiki waliojipaka rangi usoni. Mtu yeyote wa parokia anaweza kuomba Misa ya siku hiyo isomwe kwa nia yake. Anaweza kuitaja, marehemu fulani, mgonjwa fulani. Au anaweza kusema tu kwamba ni nia binafsi, na hapo padre haulizi. Kuuliza ni utovu wa adabu, ni kama kumchungulia mtu dirishani. Agosti Verna alikwenda kwa Padre Fintan Maher, mlezi wa timu, yule yule wa kwenye televisheni, akaomba Misa zote za msimu.

"Zote, Verna?"

"Zote, Padre. Nia binafsi."

Padre Maher akaguswa. Alifikiri mama wa watu amesamehe na anaiombea timu. Basi kila siku ya mechi akasimama altareni akasema tuombe kwa nia binafsi ya Verna Hrabovsky, ee Bwana, na kanisa zima likaitikia, "Twakuomba utusikie." Durkin alikuwa na sauti iliyozoea kupiga kelele uwanjani, yeye ndiye aliyesikika kuliko wote. Verna, kwenye benchi la nyuma, alikuwa anaitaja nia yenyewe moyoni, neno kwa neno: mpira wao wowote utakaoingia ringini usishuke, mpaka Ray Durkin asimame mbele ya watu aseme, Cyril aliniambia kifua kinamuuma nikamwambia akimbie.

Waliomba watu wengi, tena kwa bidii. Haikuwa ajabu kwamba walipewa.

Siku hiyo ya viazi Mishumaa walifungwa na chuo cha Wamethodisti kutoka bondeni, hamsini na nane kwa sifuri. Kila walipotupa mpira ukaingia, haukutoka chini ya wavu. Waamuzi walikutana katikati ya uwanja wakakumbushana kanuni: goli ni mpira upite ringini au ukae humo. Huu haukupita wala haukukaa. Wakaagiza mpira mwingine, na mchezo ukaendelea. Wageni walipotupa, mipira yao ilishuka kama mipira ya watu. Mashabiki wa Kimethodisti wakatunga wimbo pale pale, kwamba mtakatifu wa Wakatoliki ana njaa. Gazeti la mji liliandika kwamba vijana hawakuwa na bahati mbele ya ringi.

Ikawa hivyo nyumbani na ugenini. Desemba nzima, Januari nzima. Verna alisikiliza kila mechi, na roho yake ilipoa. Si sana, kidogo. Mipira ilijaa kitandani kwa Cyril, ikajaa chini ya kitanda, ikaanza kumwagikia koridoni. Siri haikuwepo, kwa sababu wifi yake, Dot Kuzma, dada wa marehemu mume wake, huwa anaingia bila kubisha.

"Wifi, hii si mipira ya chuo?"

"Ndiyo."

"Inaanguka tu?"

"Wakifunga."

Dot akautazama mmoja ukitoka kwenye dari na kugonga kabati la vikombe. "Ungeweka blanketi chini. Itakuvunjia vyombo." Alhamisi iliyofuata, kwenye chumba cha chini cha parokia ambako akina mama hukunja pirohi za kuuza Ijumaa, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, aliwaeleza wote, na Kessler Gap nzima ikajua mipira iko wapi. Chuo kikapata habari pia, kikajifanya hamnazo. Badala yake, tarehe tatu ya Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, siku ambayo Wakatoliki hubarikiwa koo kwa mishumaa miwili, Padre Maher alipanda ngazi akaishikisha ringi mishumaa akaibariki kama koo la muumini, Mungu akuepushe na maradhi yote ya koo. Nta ilimdondokea Verna kwenye supu. Jumamosi wakafungwa tena bila kupata kitu.

Ndipo Padre Maher alipokuja mwenyewe. Alikung'uta theluji mlangoni, akaingia jikoni.

"Karibu, Padre. Sogeza tu huo mpira ukae."

"Verna, ile nia yako."

"Ndiyo, Padre."

"Nimekuja kuuliza ilikuwa nini."

"Leo ndiyo unauliza."

"Nilidhani ni kwa ajili ya timu."

"Ni kwa ajili ya timu."

Akamweleza. Padre aliweka mikono magotini akatazama sakafu. Hakuwa na uso wa mtu anayepewa habari. Alikuwa na uso wa mtu aliyekumbushwa, na Verna akauona.

"Wewe unajua," akasema. "Alikuja kuungama kwako."

Padre Maher hakusema ndiyo wala hapana. Aliomba maji. Siri ya kitubio padre hufa nayo, Verna alifundishwa hivyo kabla ya komunyo ya kwanza, kwa hiyo hakumbana. Lakini alimpa maji kwenye kikombe chenye pengo.

"Nimempigia askofu," Padre akasema baadaye. "Nimeuliza kama Misa inaweza kurudishwa. Anasema ikishasomwa imesomwa."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo."

Kesho yake akaja Ray Durkin. Alikuja na gunia la mipira begani, mtu mzima mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na msalaba mdogo wa dhahabu kwenye kola. Alitazama koridoni.

"Mama, kuna mipira yetu hapa."

Verna akacheka. Hakuwa amecheka tangu Oktoba ile, na kicheko kilitoka na kutu. Durkin akaliweka gunia chini, akakaa pale alipokaa padre.

"Mimi mwenyewe silali, mama. Tangu siku ile."

"Mimi nalala. Namwota."

"Nilishaungama. Ninakwambia wewe kwa sababu ni haki yako. Nilipiga magoti nikaungama, nikasamehewa."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Mtoto uliyemkimbiza hakuwa wa Mungu, Ray. Alikuwa wangu."

Durkin akatazama dari, akatazama mlango. Halafu akasema haraka haraka, kama anayetema kitu: "Aliniambia kifua kinamuuma. Nikamwambia akimbie. Haya. Nimesema."

Maneno yalikaa pale jikoni. Verna aliyasikiliza mpaka yakaisha. Alikuwa ameyangoja muda wote huo, na sasa yamekuja yamevaa soksi, yananyata.

"Kwenye maikrofoni," akasema.

"Mama, wanasheria wa chuo..."

"Siwajui hao."

"Watanifukuza."

"Utamtolea Bwana."

Hapo Durkin akalia. Alilia kweli, kwa mabega, na Verna akamwacha alie mpaka amalize, akiwa amesimama kando na mikono kifuani kama mtu anayengoja mashine ya kufulia. Alipomaliza, Durkin akaapa kwa Mtakatifu Blasi kwamba Jumamosi, kabla ya mechi, mbele ya ukumbi wote, atasema. Verna akampa mpira mmoja aondoke nao.

Juma lile lilikuwa zuri kwake, na ndilo linalomuuma hadi leo. Alipika. Alimpigia Dot simu bila sababu. Ijumaa jioni alizima redio ili apige pasi kwa utulivu lile gauni la mazishi, na ndiyo maana hakusikia kwamba kamati ya kanuni ya ukanda, ambamo wamejaa marais wa vyuo vya Kikatoliki, imekutana na kuamua: mpira ukiingia ringini kutoka juu, umeingia. Unakokwenda baada ya hapo si kazi ya mwamuzi. Watu wa televisheni walikuwa wamesema jambo hilo lina mvuto, na rais wa Mtakatifu Blasi alikuwa amewaandalia chakula cha mchana.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Verna na Dot waliwekwa mstari wa mbele. Taa zikapunguzwa, Ray Durkin akaenda katikati ya uwanja na maikrofoni.

"Cyril Hrabovsky," akasema, na watu wakatulia. Alimtazama Verna. Akanyanyua macho akatazama ringi. Halafu akatazama watu wake, wote wale, wamejipaka rangi, wengine wameshaanza kulia.

"Cyril Hrabovsky hakulalamika kamwe."

Ukumbi ukalipuka. Dot alisema neno ambalo mwanamke wa miaka yake hapaswi kulisema karibu na mapadre. Verna akainuka, akashuka uwanjani kwa mwendo wake wa kawaida, akamnyang'anya Durkin maikrofoni. Nani atamzuia mama wa marehemu?

"Alilalamika," akasema. "Mwanangu alilalamika. Alisema kifua kinamuuma, na huyu hapa akamwambia akimbie. Akafa anakimbia."

Sauti yake ilifika kila kona, vipaza sauti vya ukumbi ule ni vya hali ya juu. Kisha mtu mmoja huko juu akaanza kupiga makofi, kwa upole, kama wanavyompigia mtu aliyejikaza kwenye mazishi, na wengine wakafuata, wakasimama wote, maelfu kadhaa ya watu, wanampigia makofi mama aliyefiwa. Wanawake waligusa vifua. Bendi ikaanza wimbo wa chuo. Durkin akamkumbatia, na picha hiyo ikatoka kwenye kila gazeti.

Mishumaa wakashinda kwa tofauti ya pointi arobaini.

Tangu siku hiyo hawakufungwa. Vyuo vingine vilichanganyikiwa, maana ni vigumu kucheza na timu ambayo mipira yake haianguki chini ukaiokota. Watangazaji wakasema ndiyo imani hiyo, ndiyo tofauti ya chuo chenye Mungu na chuo chenye hela. Ikatangazwa kwamba mipira humwendea Cyril mbinguni. Hii ilisemwa na watu wanaojua fika kwamba inaenda Mtaa wa Sosna, nyumba ya kijani ya Verna, kwani kila Jumatatu gari la chuo lilikuja kuichukua, na dereva alimletea Verna kalenda na salamu za rais. Kibao kikaongezwa ukubwa, herufi zikafanywa kubwa.

Na Verna? Verna alikuwa anahama ndani ya nyumba yake. Chumba cha Cyril kilikuwa hakiingiliki siku za mechi, na chake kilishajaa mipira, kwa hiyo alivuta godoro lake akalala sebuleni. Kila mpira uliodunda alijua maana yake: Ray Durkin bado hajasema. Walifunga sana, kwa hiyo alijua sana. Alikuwa amewaombea njaa akawaletea karamu, na hasira aliyokuwa nayo sasa ilikuwa inamwamsha kabla ya ndege.

"Iondoe hiyo nia, wifi," Dot akamwambia. "Inawasaidia wao."

"Ng'o."

"Sasa unangoja nini?"

"Sijui. Nangoja."

Jumapili moja ya Kwaresima ilikuwa fainali ya ukanda, mchana, katika ukumbi mkubwa wa mji wa mbali. Dot alikuja na kopo la samaki waliobaki Ijumaa, wakakaa jikoni na televisheni ndogo, chini ya mvua ya mipira, Dot amevaa kofia ya baiskeli. Mishumaa wakashinda. Ikaletwa ngazi, kama iletwavyo bingwa anapopatikana, kila mchezaji apande akate uzi mmoja wa wavu awe nao ukumbusho. Vijana wakapanda mmoja mmoja, wakakata kwa nje. Mwisho hupanda kocha, yeye huukata wavu wote. Durkin akapanda, akawapungia watu, akaingiza mkono wa kuume ndani ya ringi ili aushike vizuri.

Mkono ukatokea kwenye dari, karibu na taa, mpaka juu ya kiwiko.

"Wifi," Dot akasema, "huo si mkono wa Ray?"

"Ndio."

"Una mkasi."

"Uchukue, usije ukatukata."

Dot akauchukua mkasi. Vidole vikapapasa hewani. Verna akapanda kiti, akaushika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa moto na una jasho. Kwenye televisheni Durkin alikuwa ameganda juu ya ngazi, bega limezama ringini, anatabasamu.

"Sema," Verna akauambia mkono.

Mkono ulimjua. Ulijaribu kujivuta, lakini Verna alikuwa amekanda unga miaka thelathini. Kwenye televisheni mwandishi wa habari akamnyooshea Durkin maikrofoni kwenye kijiti kirefu, akamwuliza kocha, una neno gani kwa taifa? Uso wake ukajaa kioo chote. Verna akaubana mkono mpaka mifupa ikasikika.

"Sema, Ray. Ndiyo hiyo maikrofoni."

Durkin akafungua mdomo.

"Ningependa kusema," Durkin akasema, jasho likimtiririka, "kwamba Cyril hakulalamika kamwe."

"Dot," Verna akasema. "Nipe kamba ya kuanikia nguo."

Akaufunga mkono kwenye bomba la joto linalopanda ukutani, akabakiza nafasi kidogo, maana yeye si mnyama. Kule ukumbini walivuta, wakapaka mafuta, wakavuta tena. Watu walidhani kocha anasali. Ilipofika jioni ukumbi ulikuwa na onyesho la barafu, kwa hiyo mafundi wakaifungua ringi kwenye ubao wakampeleka Durkin hotelini akiwa nayo begani.

Rais wa chuo akamtuma Padre Maher aende kumsihi Verna. Padre alikuja Jumanne. Alitazama mkono, akaketi, akala samaki.

"Nimetumwa nikuombe uufungue."

"Akisema, nafungua. Ni sentensi moja."

"Nitawapelekea jibu."

Akainuka kuondoka. Kabla ya kuvaa koti alisogea kwenye bomba, akaushika ule mfundo, akaukagua kwa vidole. Ulikuwa umeanza kulegea. Padre Maher akaukaza kwa nguvu zote za uzee wake, akaweka na mfundo wa pili juu yake, akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Sasa ni msimu mwingine. Durkin bado anafundisha. Ringi ameizoea, wameitengenezea suti yenye bega pana, na pale chuoni wanasema ni mateso aliyopewa kwa ajili ya timu. Mwaka jana alikuwa kocha bora wa nchi, na tuzo aliipokea kwa mkono wa kushoto. Mishumaa wanashinda. Kibao kipo.

Mkono uko jikoni. Verna huukata kucha, kwa sababu hapendi uchafu karibu na chakula. Jumapili saa nne, Misa ya chuo inapoanza, mkono huinuka kadiri kamba inavyoruhusu, ukapiga ishara ya msalaba juu ya meza yake, juu, chini, kushoto, kulia, kwa adabu kabisa, halafu ukatulia.

"Umesema?" Verna huuliza.

Hungoja. Kisha huvuta kamba kidogo, ikazidi kuwa fupi.